Rais akivuruga tunasema kachizika, ila swali lenyewe ni lipi?

Bongo kiongozi akifanya jambo la ajabu utasikia tu "huyu wa kupelekwa Mirembe", Kenya watakwambia Mathari, zote hospitali za wagonjwa wa akili, na Wamarekani nao wale wale, sema wao wanaita madaktari kabisa waje kwenye tv kuchambua kichwa cha mtu ambae hawajawahi hata kukaa nae chumba kimoja. Mi naona tunagonganisha maswali mawili, jamaa anaumwa nini, na je kazi anaiweza. La kwanza ni la daktari wake, la pili ni letu sote.

Hili la kupima watu kwa mbali lilishawatokea puani zamani. Mwaka 1964 Barry Goldwater anagombea urais wa Marekani, jarida la Fact likatuma maswali kwa madaktari wa akili zaidi ya 12,000, wakajibu 2,417, na 1,189 wakasema jamaa hafai kuwa rais kwa hali yake ya akili. Yani daktari anatoa majibu ya mgonjwa ambae hajamuona! Goldwater uchaguzi alishindwa vibaya ila akalishtaki jarida akalipwa dola 75,000, na 1973 chama cha madaktari wa akili kikapiga marufuku mambo hayo. Marufuku ipo mpaka leo, na Trump alipoingia kuna madaktari wakaivunja mchana kweupe.

Ila wanaosema tuache kuuliza kabisa nao siwaelewi. Biden wenzake wa chama walimkingia kifua wee, kila aliehoji umri na kumbukumbu zake akaambiwa anaeneza propaganda, mpaka usiku wa Juni 27, 2024 kwenye mdahalo dunia nzima ikajionea, na Julai 21 akajitoa, chama kikabaki na miezi mitatu na ushee kumnadi mtu mwingine. Na vipimo vya ikulu navyo visikutishe, Trump 2018 daktari wake alitangaza kapata 30 kwa 30, sawa, lakini kile kipimo ni cha kuchora saa na kutaja wanyama, kinaangalia kama ubongo unasahau, hasira na busara hakigusi.

Alafu kuumwa kwenyewe sio lazima kukunyime kazi. Kule Marekani Thomas Eagleton, mgombea mwenza wa McGovern kwenye uchaguzi wa urais 1972, aliondolewa kwenye tiketi baada ya siku 18 tu kisa ilijulikana aliwahi kutibiwa sonona, wakati Norway 1998 waziri mkuu Bondevik alitangaza mwenyewe kwamba ana sonona, akapumzika wiki kadhaa, akarudi ofisini, na 2001 akashika tena uwaziri mkuu.

Kinachoniudhi zaidi ni pale neno chizi linapomsafisha mtu. Idi Amin mpaka leo kuna watu wanakwambia eti kaswende ilimpanda kichwani. Jamani mtu alipindua Januari 1971, akakaa madarakani miaka 8, jeshini akawafyeka watu wa makabila ya Waacholi na Walangi na kujaza watu wake kutoka West Nile, kwao kaskazini magharibi mwa Uganda, na Sudan, wendawazimu gani huo unaojua kuchagua nani afe na nani apewe bunduki? Na Waingereza waliokimbilia kumtambua ndani ya siku chache nao walikuwa wagonjwa? Ukishasema alikuwa kichaa hao wote wanapona.

Kwa hiyo nani apime? Katiba ya Tanzania ibara ya 37 inasema Baraza la Mawaziri likiona rais hawezi kazi kwa maradhi ya mwili au akili linamuomba Jaji Mkuu, nae anaunda bodi ya madaktari wasiopungua watatu. Kwenye karatasi safi, sema hao mawaziri kawateua nani? Waziri wa kwanza kunyoosha mkono kesho yake gari la serikali hana, ndo maana uvumi unajaza hilo pengo. Kenya ibara ya 144 inaanzia bungeni, mbunge akipata robo ya wenzake hoja inasogea, ikipita Jaji Mkuu anaunda jopo la watu watano, madaktari watatu, wakili mmoja na mmoja anaechaguliwa na rais mwenyewe. Huyo wa mwisho kuna wanaomlalamikia, mi naona yuko sawa kabisa, mtu anapimwa akili mbele ya taifa lazima awe na wa kwake mle ndani. Sisi Tanzania tungeanza na hapo, nguvu ya kuanzisha upimaji isiwe ya mawaziri peke yao, na wabunge nao wawe nayo.