Kifabakazi au Nandi flemu?

Tulikuwa tunakunywa chai kando ya barabara ya Jinja, hapa Mukono, dereva wa lori kutoka Eldoret alipoinua macho akaona mti umewaka maua mekundu. "Kumbe Nandi flemu yetu imefika hadi huku!" Mzee mmoja wa Kiganda akaguna: "Imefika kutoka wapi, mwanangu? Hicho ni kifabakazi. Kimeota chenyewe."

Dereva hakukosea jina. Alikosea hilo "yetu". Mti huu huota porini tangu Afrika Magharibi, kupitia misitu ya Kongo, hadi Uganda na magharibi mwa Kenya. Kuuita wa Nandi, eneo la magharibi mwa Kenya, ni kuchukua pindo la mashariki na kulifanya nguo nzima. Wanaouita "Uganda flemu" wana kosa lilelile, ila sisi hatulioni kwa kuwa linatupendelea. Na "tulipu ya Afrika" ndilo bovu kuliko yote, maana mti huu hauna udugu na tulipu. Jamaa yake ni jakaranda, mgeni wa Amerika ya Kusini ambaye Kampala imemzoea kama mwenyeji.

Basi tutumie jina la kisayansi? Spathodea campanulata, alilolichapisha Mfaransa Palisot de Beauvois mwaka 1805, halitaji nchi yoyote. Campanulata ni umbo la kengele tu. Nilikuwa upande huo, mpaka nilipogeuza jani. Chini yake lina vinyweleo laini, alama ya nususpishi, yaani tawi la spishi, ya huku kwetu, na hiyo wataalamu wameiita nilotica, ya mto Nile. Mahali tulipopafukuza mlangoni pakaingia dirishani.

Tena jina la mahali lina kazi yake. Huko Hawaii na Fiji mti huuhuu ni balaa, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imeutia katika orodha ya spishi 100 vamizi mbaya zaidi duniani. Mtu wa huko akisikia "ya Afrika", angalau anajua haukuzaliwa kwake. Hapa Mukono neno hilo halimwambii mtu kitu.

Mimi nabaki na kifabakazi, ingawa ni neno la Kiganda, na ukifika Gulu, kaskazini mwa Uganda, halikufikishi mbali.

Mtoto wa muuza chai alikuwa ameokota tumba. Akalibana, maji yakamrukia dereva usoni.

"Kule Nandi hamchezi hivi?" mzee akauliza.

"Tunacheza, mzee," akajibu, akijipangusa.