Popo Huyu ni wa Nani?

Mwaka ni 1949. Kevin Yamagata, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, yuko mezani anachora. Katuni yake ya Billy Bat, popo mpelelezi, inauzika vizuri. Mara wanabisha hodi makachero wawili, wanaomba dirisha lake wapate kumchungulia jirani wa upande wa pili. Katika kungojangoja, mmoja wao anazitupia jicho zile karatasi za mezani na kusema, wala hana nia mbaya, kwamba popo huyu alishamwona. Alimwona Japani.

Kauli hiyo moja inamvua mtu nguo. Kevin alikuwa Japani baada ya vita, mkalimani wa jeshi la Marekani. Je, alimwona popo huyo kwenye ukuta, au kwenye gazeti la kufungia samaki? Hakumbuki. Anachojua ni kwamba siku alipomchora kwa mara ya kwanza alijiona amebuni.

Ndivyo inavyoanza Billy Bat, manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya Naoki Urasawa aliyoitunga pamoja na Takashi Nagasaki. Ilitoka katika jarida la Morning la kampuni ya uchapishaji ya Kodansha kuanzia 2008 hadi 2016, ikajaza juzuu 20. Ndani yake kuna njama za kila rangi: kifo cha Sadanori Shimoyama, mkuu wa shirika la reli la Japani aliyekutwa amekufa relini Julai 1949, na mpaka leo watu wanabishana kama alijiua au aliuawa, kisha kuuawa kwa Rais Kennedy, kisha safari ya mwezini. Nikiri kwamba kufikia katikati njama hizo zilinichosha. Kilichonirudisha kila mara ni lile neno la kachero. Kuna wasomaji wanaoona kwamba hadithi hii inamtetea anayechukua cha mwenzake, na wengine wanaoona inamhukumu. Wote wana kurasa za kuonyesha.

Tuanze na wanaosema inamtetea. Kevin anaacha kazi, anavuka bahari kumtafuta mwenye popo ili amwombe ruhusa. Anamkuta mzee Zofu Karama, ambaye kweli alimchora kabla yake. Sasa tungetarajia kesi iishe hapo: mwizi huyu, mwenye mali yule. Lakini Karama naye si chemchemi. Popo yumo katika hati ya kukunja ya enzi za ninja, yumo hata katika zama za Yuda na Yesu. Kila mchoraji anayemgusa alitanguliwa na mwingine. Kwa hesabu hiyo hakuna aliyebuni, wote wamepokezana, na neno wizi linakosa pa kukaa.

Hoja hii si ya kubezwa, kwa sababu kichwa cha binadamu ndivyo kilivyo. Mwaka 1976 mahakama ya Marekani iliamua kwamba George Harrison, aliyekuwa mwanamuziki wa Beatles, katika wimbo wake My Sweet Lord aliyachukua mahadhi ya He's So Fine ya kundi la Chiffons, na jaji akakubali kwamba alifanya hivyo bila kujitambua. Kilichosikika redioni kililala kichwani, kikaamka kimejifanya kipya. Harrison alilipa hata hivyo, jambo ambalo mpaka leo wengine wanaliona ni la haki na wengine la kikatili. Kevin ni Harrison aliyeshtuka mapema.

Na Wajapani walilijadili jambo hili zamani sana. Katika ushairi wao wa waka kuna utaratibu unaoitwa honkadori: mshairi anachukua kipande cha shairi la kale na kulijengea lake juu yake, akitegemea msomaji atambue. Fujiwara no Teika, aliyeandika karne ya 13, aliuwekea mipaka. Usichukue zaidi ya mishororo miwili na silabi chache kati ya mishororo mitano ya shairi. Badilisha mada. Usiguse maneno mapya yaliyobuniwa na washairi wa miaka 70 au 80 ya karibuni. Msomaji anayejua sheria za hakimiliki atatabasamu, maana Japani ya leo inalinda kazi kwa miaka 70 baada ya mwenyewe kufa, na kabla ya mwisho wa 2018 ilikuwa 50. Mimi napenda sharti la kutambulika kuliko hayo mengine yote. Teika hakuogopa kuchukua, ila chenye kuchukuliwa kilipaswa kuwa wazi kiasi kwamba msikilizaji akisikia tu aseme, aa, hilo ni la fulani.

Urasawa mwenyewe aliijua njia ya Kevin kwa miguu yake. Billy Bat ilipoanza alikuwa hajamaliza manga yake ya Pluto, iliyotoka kati ya 2003 na 2009, ambayo ni kisa kimoja cha Astro Boy, manga maarufu ya Osamu Tezuka, kilichosimuliwa upya. Tezuka alikuwa ameshafariki, kwa hiyo ruhusa iliombwa kwa mwanawe, Macoto. Naye akamtaka Urasawa achore kwa mkono wake mwenyewe, asiuige mkono wa baba. Mtu anayetoka kwenye maombi ya namna hiyo ndiye aliyekaa akamtunga mchoraji anayepanda meli kwenda kuomba ruhusa. Siamini hata kidogo kwamba ilitokea kwa bahati.

Upande wa pili una jina moja zito: Chuck Culkin. Huyu alikuwa msaidizi wa Kevin. Kevin akiwa Japani, kazi haikungoja. Chuck akaendelea kumchora popo, akampendezesha, akamfanya wa watoto. Hapo bado tunaweza kumhurumia, maana msaidizi aliyeachiwa meza afanye nini? Lakini baadaye anatokea mtu mwingine kabisa aliyejivika jina la Chuck Culkin na kulijengea himaya, yenye filamu na bustani ya burudani ya Billyland. Popo aliyeanza kama swali la dhamiri anaishia kuwa nembo getini, na tabasamu la mkubwa mmoja mwenye jina lisilo lake. Kwa huyo, ile habari ya kwamba hakuna aliyebuni ni tamu kama asali. Kama popo si wa mtu, basi ni wa mwenye wanasheria wengi.

Ndiyo maana nasema hoja ya kwanza ni kweli ikisemwa na mtu kama Karama, na inageuka hila ikisemwa na mwenye Billyland. Maneno ni yaleyale, ila mmoja hana kitu na mwenzake anakata tiketi mlangoni.

Nje ya kurasa mambo hayana ninja. Mwaka 2005 wasomaji wa Japani waligundua kwamba Yuki Suetsugu, mchoraji wa manga za wasichana, alikuwa amefuatisha picha za mpira wa kikapu kutoka Slam Dunk ya Takehiko Inoue: pozi lilelile, mkono uleule, vidole vilevile. Kodansha ikaondoa vitabu vyake sokoni na kusimamisha alichokuwa akichora. Wengine wakageuza kibao, wakaziweka picha za Slam Dunk kando ya picha za wachezaji wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na kuuliza, na hizi je? Swali zuri, ingawa mimi naona tofauti. Anayechora kutokana na picha ya kamera anabadilisha lugha. Lazima aamue mstari upite wapi na kivuli kiishie wapi. Anayefuatisha mstari wa mchoraji mwenzake anachukua uamuzi ulioshafanywa, na uamuzi huo ndio kazi yenyewe.

Suetsugu alirudi kwa manga ya Chihayafuru, kuhusu vijana wanaocheza karuta, mchezo wa kuwahi kadi zenye mashairi 100 ya washairi 100. Mwaka 2009 ikapata tuzo ya Manga Taisho, na 2011 tuzo ya Kodansha, kampuni ileile iliyomwondoa sokoni. Aliyeyakusanya mashairi hayo 100, kwa mapokeo ya Wajapani, ni nani? Teika wa honkadori.

Linabaki suala la jina, na hapa Billy Bat inauma karibu na nyumbani kwa watunzi wake. Kabla ya hapo Urasawa alichora Master Keaton, kuanzia 1988 hadi 1994, na jalada lilimtaja Hokusei Katsushika kama mwandishi wa hadithi. Katsushika lilikuwa jina la kalamu la Hajime Kimura, aliyefariki 2004. Baadaye ukazuka mvutano juu ya nani hasa aliandika nini, na kwa kipindi kirefu manga hiyo haikuchapwa upya. Iliporudi sokoni 2011, jina la Nagasaki, ambaye alikuwa mhariri, lilikuwa limeongezwa jaladani. Nagasaki naye si mgeni wa majina ya bandia. Kuna manga alizoandika kama Richard Woo. Kwa hiyo wanaume wawili ambao majina yao yalishaguswa na mvutano wa jalada walikaa kuandika hadithi ya jalada linalodanganya.

Mapenzi ya kujificha si dhambi. Tsugumi Ohba, mwandishi wa manga ya Death Note, hajajitokeza kwa uso mpaka leo. Koyoharu Gotouge, mchoraji wa manga ya Demon Slayer, hujichora kama mamba aliyevaa miwani. Sisi nasi tumekua na malenga wa magazetini wanaojulikana kwa lakabu tu, na hakuna aliyewahi kuwaita matapeli. Lakabu inaficha sura na kuacha kazi ionekane ya nani. Culkin wa bandia alifanya kinyume: sura yake ilijaa kwenye mabango, mkono uliochora ndio uliofichwa. Wanaolinganisha mambo haya mawili, na nimewasikia wengi, wanaishia kumlaumu asiyetaka kupigwa picha na kumwacha anayevaa jina la mwenzake.

Na mimi je? Kwa miaka mingi Billy Bat haikuwa na toleo rasmi la Kiingereza, sembuse Kiswahili. Niliisoma kwenye simu, tafsiri ya mashabiki, kurasa zilizopigwa skana na mtu nisiyemjua, maneno ya Kijapani yamefutwa kwa rangi nyeupe na mengine kupachikwa juu yake. Nilimfuata Kevin akivuka bahari kuomba ruhusa, na mimi nilikuwa sijaomba kwa mtu yeyote. Kila sura ilifungwa na ukurasa wa kikundi cha watafsiri: nani kasafisha picha, nani katafsiri, nani kapanga maneno, wote kwa majina ya bandia. Chini yake, kwa herufi kubwa, walisihi mtu asiichukue kazi yao na kuiweka kwingine bila ruhusa.