Sogea tukae ya Mwanza, ukivuka mpaka wa Sirari kuingia Kenya inaitwaje?

Muulize mama anayeanika dagaa pale Igombe kama ameolewa, atakwambia ndio bila kusita, hata kama hakuna cheti na hakuna shehe wala padri aliyewahi kuitwa, walisogea wakakaa, mwaka wa saba huu, watoto watatu na mtaa mzima unamjua kama mke wa mtu. Na sheria yetu ya Tanzania inamsikiliza. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mkikaa miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, mahakama itadhania mmeoana, anayebisha alete ushahidi. Hata akishinda huyo mbishi, mama bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

Sasa mwanaume awe Mkenya, na hela ya dagaa imejenga nyumba Kisumu. Kule Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja ndoa za aina 5, ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, basi. Sogea tukae imebaki kwenye hukumu za mahakama tu, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ikasema dhana hiyo, ya kuwahesabu waliokaa pamoja kuwa wameoana, itumike kwa nadra sana.

Na wana hoja jamani, tusiwabeze. Katika kesi hiyo aliyedai ndoa ni mwanaume, na mwanamke alishakuwa na ndoa nyingine, sasa unamuozeshaje mtu kwa hukumu wakati ndoa ni hiari? Hata sheria yetu inasema ni hiari. Mahakama ikakataa ndoa ila mali ikagawa kwa mchango, mwanamke asilimia 70, mwanaume 30.

Mimi panaponiuma ni hapo kwenye mchango. Huku tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 kupika na kulea ni mchango, na Kenya nao Sheria ya Mali za Ndoa ya 2013 inahesabu hivyo hivyo, ila hiyo ni ya wanandoa, yaani mama wa Igombe lazima kwanza aitwe mke ndo jasho lake la jikoni lihesabiwe kwa sheria hiyo, na jina la mke ndo hilo analonyimwa. Mchango wa hela nao atauthibitisha na nini, dagaa wanauzwa kwa ndoo mwaloni, risiti anaandika nani?

Kwa hiyo dada, kabla hela haijavuka kwenda kununua kiwanja, dai jina lako liandikwe kwenye hati, na zile meseji za miamala usizifute.