Kabla ya kuchomeka flashi

Miongozo mingi ya kuweka Linux, mfumo endeshi mwingine wa kompyuta, kando ya Windows huanzia pabaya. Huanza na flashi: pakua Ubuntu (aina mojawapo ya Linux), iandike kwenye flashi, washa upya kompyuta, fuata maelekezo. Kwangu mimi hapo ni katikati ya safari. Kazi yenyewe, ile inayoamua kama utalala una mifumo miwili au huna hata mmoja, hufanyika ndani ya Windows, flashi ikiwa bado mfukoni.

Nalisema hili kwa sababu niliwahi kupoteza picha za miaka minne. Mashine ilikuwa ya zamani, diski yake imegawanywa kwa mtindo wa MBR, ambao hauruhusu zaidi ya sehemu kuu 4, na zote 4 zilikuwa zimeshachukuliwa. Programu ya kusakinisha ilipokosa pa kuingia, haikunipa chaguo la kukaa kando ya Windows. Lililokuwa mbele yangu ni la kufuta diski nzima. Nikadhani ndivyo inavyofanywa, nikabonyeza. Laiti ningefungua ukurasa wa kusimamia diski dakika tano kabla, ningeziona zile sehemu 4 na kujua kwamba lazima moja ipishe. Na laiti ningekuwa na nakala ya picha zangu mahali pengine! Tangu siku hiyo siigusi diski ya mtu yeyote kabla hajanionyesha nakala zake.

Mtindo wa sasa, GPT, huruhusu sehemu 128 kwenye Windows, kwa hiyo ukuta ule umebomoka. Umejengwa mwingine. Kompyuta nyingi za Windows 11 huja diski ikiwa imefungwa kwa usimbaji, yaani data yake haisomeki bila ufunguo, na mwenyewe hana habari. Ukibadilisha mipangilio ya UEFI (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta), tuseme umezima Secure Boot (ulinzi unaozuia programu za kuwashia zisizoidhinishwa), Windows inaweza kukataa kufunguka mpaka uipe ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute mapema, uuandike kwenye karatasi. Ukiuweka kwenye faili ndani ya kompyuta hiyohiyo, umejifungia funguo ndani ya nyumba.

Halafu kuna Fast Startup, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu huumia bila kujua kilichowaumiza. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta yenye kipengele hiki ukiizima haizimiki kabisa. Kiini cha Windows huhifadhiwa kwenye diski ili kesho kiamke upesi. Sasa wewe ingia Linux, fungua diski ya Windows, hamisha faili, futa nyingine. Windows ikiamka, inachokikumbuka na kilichopo havilingani, na hapo ndipo faili huharibika. Linux yenyewe huhisi hatari hiyo: mara nyingi hukataa kuifungua diski ile, au huifungua kwa kusoma tu, na mgeni anabaki akilaumu Linux. Dawa ni kuzima Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme. Kompyuta itachelewa kuwaka kwa sekunde kadhaa. Ni bei ndogo mno.

Kupunguza nafasi ya Windows kufanyike ndani ya Windows, kwa kifaa chake. Acha nafasi iliyopatikana wazi, usiifomati. Gigabaiti 50 zinatosha kuanzia. Na ile sehemu ndogo ya EFI usiifute kamwe, kwa kuwa mifumo yote miwili huweka humo programu zake za kuwashia, kila mmoja kwenye folda yake.

Wapo watakaouliza kwa nini tujisumbue wakati kuna kompyuta pepe, yaani programu inayoendesha Linux ndani ya Windows. Kwa kujaribu tu, ni njia nzuri. Lakini mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 ikigawanywa kati ya mifumo miwili inayotembea kwa pamoja, yote miwili itakwama. Hao wenye mashine dhaifu ndio ambao Linux ingewafaa zaidi, na ndio wanaostahili kuipata ikiwa na nguvu zote za kompyuta yao.

Hata ukifanya yote haya, mifumo hii itagongana siku moja. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows lilibadilisha masharti ya Secure Boot, na watu wengi wenye mifumo miwili wakakuta Linux yao haiwaki tena. Waliokuwa na njia ya kuingia kwenye mashine zao bila kutegemea diski ndio waliokuwa na pa kuanzia. Kwa hiyo flashi niliyosakinishia siifuti, siikopeshi. Inakaa kwenye mkoba wa kompyuta, pamoja na ile karatasi yenye tarakimu 48.