Mizinga 9 ya Damieh: hivi aibu ni ya nani?

Ukigusia tu vikosi vya kujitolea vya mizinga ya farasi vya Uingereza, hasa HAC (Honourable Artillery Company) ya London na wale wa Nottinghamshire, lazima atokee mtu akukumbushe Vita Kuu ya Kwanza, Mei 1, 1918, kule Damieh kwenye bonde la Mto Jordan: si ndio hao walioachia Waturuki mizinga 9? Ndio hao. Walikuwa na 12 wakatoka na 3. Na kwa wapiga mizinga, mzinga ni kama bendera ya kikosi, hauachwi hivihivi, kwa hiyo anayelaumu simwoni mjinga.

Tena ana hoja. Mizinga iliwekwa mahali ambapo nyuma yake ni vilima na makorongo matupu, na mzinga mmoja unavutwa na farasi 6, sasa mambo yakiharibika unapita wapi na msafara huo? Jenerali Grant, kamanda wa brigedi ya Australia waliyokuwa nayo, yule yule ambaye wapanda farasi wake waliivamia Beersheba mbio mwaka 1917, alitakiwa aone hilo mapema. Hapo sibishi.

Ila ngoja. Mizinga 12 ilifuata nini kwa brigedi moja ya wapanda farasi wa Australia? Ni kwa sababu wapanda farasi wenzao walikuwa wanapanda milima ya mashariki ya mto kwenda kuuteka mji wa Es Salt, njia za mbuzi tupu, mizinga ya magurudumu haipandi, basi yote ikabaki bondeni kwa Grant, alinde ubavu wa kushoto karibu na daraja la Jisr ed Damieh. Halafu brigedi nyingine iliyokuwa jirani ikachukuliwa ikapelekwa juu. Usiku ule Waturuki wakavuka Mto Jordan kwa daraja la kuelea ambalo makao makuu hayakuwa na habari nalo, asubuhi wakashuka kwa maelfu. Maelfu jamani, mbele ya mstari mwembamba kama uzi! Wapiga mizinga wakapiga mpaka adui yuko karibu kabisa, farasi wanapigwa risasi wakiwa kwenye mikanda, na watu wengi wakaponea kupitia vijia ambavyo mzinga haupiti hata ukiusukuma na kijiji kizima.

Mimi hiyo 9 inanikera kwa jinsi inavyosomwa. Inahesabiwa kama hasara ya wapiga mizinga wakati ni bili ya waliopanga vita, waliotuma jeshi milimani likiwa na njia chache sana za kurudia. Wale wa Es Salt waliweza kurudi Mei 4 kwa sababu huku bondeni mstari ulisukumwa nyuma, ukapinda, lakini haukukatika, njia ya Umm esh Shert, ya kushukia bondeni, ikabaki wazi. Huwezi kuniambia zile saa za asubuhi za kufyatua mpaka mwisho hazikuchangia kitu. Sasa pima mwenyewe: vyuma 9 upande mmoja, upande wa pili askari wote waliokuwa milimani wangefungiwa huko.

Kuna kitu kingine wanaolaumu wanakiruka. Septemba 30, 1918, pale Kaukab nje ya Damascus, rejimenti ya 4 na ya 12 za Grant zilipotimua mbio kupandisha mlima, waliowatangulizia makombora walikuwa Nottinghamshire na betri A (kundi moja la mizinga) ya HAC. Wale wale wa Damieh.