Tuache majani yakauke yakiwa yamesimama

Kuna ofisi moja hapa Mtwara, njia ya kwenda Shangani, uwanja wake ulikuwa na majani marefu ya asili, milala, na vichaka ambavyo masika huparamiwa na lile ua jekundu lenye pindo la njano, petali zake zimegeukia nyuma. Juzi wameingia vijana na mapanga na mafyekeo, wakasafisha mpaka mchanga ukabaki mweupe. Sasa pametandikwa ukoka ulioletwa kwa lori, na boza la maji linakuja kuunywesha. Boza, katika mji ambao mama zetu bado wanapanga ndoo bombani! Nimekasirika, na sijatulia bado.

Hasira imezidi kwa sababu siku hizi namsoma sana Piet Oudolf, Mholanzi aliyezaliwa Haarlem mwaka 1944, ambaye wabunifu wa bustani nchi nyingi wanamfuata. Ndiye aliyepanga mimea ya High Line kule New York, reli ya juu kwa juu ambayo treni ya mwisho ilipita mwaka 1980. Ilipotelekezwa, upepo ukaleta mbegu, magugu yakaota kati ya mataruma, na watu wakayapenda magugu hayohayo wakapigania reli isibomolewe. Bustani ikaanza kufunguliwa mwaka 2009, ikiwa bado na sura ya kichaka kilichojiotea. Sisi nasi tulikuwa na reli yetu ya karanga, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, kutoka bandarini hapa hadi Nachingwea, iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nani kati yetu amekwenda kutazama kilichoota pale?

Oudolf anachagua mmea kwanza kwa umbo lake, rangi ya ua inafuata nyuma, maana ua ni la wiki chache na shina ni la miezi. Maua yakiisha hafyeki. Anaacha mashina na vichwa vya mbegu vikauke vimesimama, baridi nzima, theluji ikivikalia na ndege wakila mbegu, kisha vinakatwa baridi ikielekea ukingoni. Kwake kahawia ni rangi kamili, na mmea uliokauka bado uko kazini.

Hapo ndipo nataka watu wa kusini tusikilize. Baridi ya Uholanzi hatuna, lakini tuna kiangazi, Mei hadi Novemba, na muda wote huo tunauhesabu kuwa ni wa bustani kufa. Kwa hiyo ama tunamwaga maji tusiyokuwa nayo, ama tunafyeka, tunafagia na kuchoma. Jamani, tazameni matita ya ufuta yaliyosimamishwa shambani wakati wa mavuno: vifuko vimepasuka midomo, shina limenyooka, rangi iko kati ya dhahabu na majivu. Tazameni majani ya kuezekea kando ya barabara ya Mingoyo mwezi wa Agosti, upepo wa kusi ukiyalaza na kuyainua, jua la saa kumi na moja likitoa wekundu wake. Watu wanapita hapo kwenye basi wakiangalia simu. Na mimea yetu kiangazi inakijua tangu zamani! Lile ua jekundu hurudi kwenye kiazi chake ardhini likangoja mvua. Mbuyu unapukutisha majani wenyewe na kubaki na umbo ambalo hakuna mbunifu anayeweza kulitengeneza. Mlala haudai hata kopo la maji.

Wala sisemi tuagize mimea ya Oudolf. Mingi ni ya nchi za baridi, itatufia mikononi. Tuchukue jicho lake.

Nakubali, nyoka wapo, na karibu na mlango pafyekwe. Moto nao ni hatari ya kweli, pawe na njia tupu ya kuukata. Ukoka una mahali pake, watoto wachezee mpira. Zaidi ya hapo sioni.

Jambo moja la Oudolf nalitamani kuliko yote. Mwaka 1982 yeye na mkewe Anja walihamia kijiji cha Hummelo wakaanzisha kitalu, kwa sababu mimea aliyoitaka haikuwa rahisi kuipata kwa wauzaji. Vitalu vyetu vya barabarani vinauza miashoki, bogenvilia na krotoni, vyote sawa kuanzia Lindi mjini hadi Mtwara. Ukiuliza mche wa mpingo au mtondoo, muuzaji anakushangaa, na mpingo ni wetu, kusini hii ndiyo kwao. Kijana wa Naliendele au Mikindani anayetafuta kazi ya kuanzia aanze na viriba na mbegu za porini. Halmashauri zinapanda miti kila msimu wa mvua, ziwe wateja wake wa kwanza. Mimi nataka mitondoo na majani ya kuezekea, na nitalipa bei ileile ninayolipia bogenvilia.