Dosie za kazi hapa Lubumbashi, jamani

Miye nauliza tu, hizi dosie za kuomba kazi tunapelekaka kwa makampuni kila siku banazitia wapi? Juzi nimefanya fotokopi ya diplome, barua, sivi, karte ya ONEM (ile ofisi ya serikali ya mambo ya kazi), yote ndani ya anvelope ya kaki, nikapanda taksibisi mpaka kwa kampuni moja ya mine, sekretere akaitupa kwa karto chini ya meza bila hata kuandika jina yangu kwa kaye! Na kwa anonsi banaandikaka eti dosie hairudishwe. Sasa mutoto ametoka iniversite mwaka jana, banamuomba eksperiansi ya miaka 5, ataitosha wapi? Eti utafute mutu wa kukusukuma ndani. Mama yangu anauzishaka makala ya kupikia kwa soko ya komini Kenya, hapa Lubumbashi, huyo mutu njo nani? Bapige hata simu moja tu, baseme hapana.